Amari (kamba ya nanga) ya mashua yetu: shajara ya mradi, Julai hadi Oktoba 2025

Ijumaa, 11 Julai

Mashua imelala ubavu juu ya fungu, na mimi nimekaa kwenye kivuli chake naandika nyuma ya daftari la mauzo ya samaki. Maji hayarudi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo.

Jana tulichelewa kurudi. Tulipofika karibu na nyumbani maji yalikuwa yameshatoka, na mwezi mpevu ulikuwa juu. Kuingia ilikuwa ni kukwaruza mkuku kwenye miamba. Tukajibanza upande wa kaskazini wa kisiwa cha Tumbatu kujikinga na kusi, ule upepo wa kusini, tungoje maji. Saa nne na nusu usiku Mjomba akachomeka pondo, ule mti wa kusukumia mashua, likagusa chini kwenye mita mbili na kitu. Akatupa nanga, akatoa kamba yote iliyokuwepo, akafunga omo, mbele ya mashua. "Kamba tele hiyo," akasema. "Laleni."

Na kweli ilikuwa tele, kwa saa ile. Niliamshwa na sauti ya mchanga chini ya ubao, kama mtu anayekuna nazi. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja alfajiri, maji yamejaa pomoni. Nanga ilikuwa imetufuata muda wote huo ikiburuzika kama mbuzi anayevutwa sokoni, na sisi tumelala.

Ubaya wa kupanda fungu maji yakiwa yamejaa kila baharia anaujua: yakishuka unabaki mkavu. Tena hii ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na bamvua ikipita kilele, kila maji yajayo huwa pungufu ya yaliyopita. Ukikosea hesabu unangoja wiki mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Tumetoka. Jana mchana, fungu likiwa kavu, tulishusha mashine, sanduku la barafu na farumi yote, yale mawe ya kutulizia chombo, moja moja. Binamu yangu akaibeba nanga begani, akaenda nayo upande wa kilindini mpaka maji ya kifua, akaifukia kwa miguu. Maji yalipofika kiunoni tukaivuta kamba sote watatu kutoka omo. Mara ya nne mashua ikateleza.

Hasara: mbao mbili za chini zinataka kuzibwa kwa kalafati upya, na samaki wote wameharibika. Mjomba anasema ni kusi tu. Mimi ndiye mshika pesa wa chombo hiki, na sikubali kulipia kusi kila Julai. Nimemwambia nataka kujua jambo moja kabla ya kununua chochote: mashua hii inahitaji amari ya urefu gani? Akanijibu, "Pima kumi na mbili. Ndizo alizokuwa nazo babu yako."

Jumanne, 15 Julai

Nimepima kamba ya zamani kwa futikamba uani: mita 20 na sentimita 40. Ni ile ya plastiki ya buluu inayoelea juu ya maji.

Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na vitabuni huandikwa futi sita, yaani mita 1.83. Pima kumi na mbili zingekuwa karibu mita 22. Nikamwomba Mjomba anyooshe mikono ukutani, nikaweka alama ya chaki kila upande: mita 1.72. Zidisha kwa kumi na mbili, unapata 20.6, na zile sentimita ishirini zimeliwa na mafundo. Kwa hiyo mzee hakukosea. Pima zake ni za mwili wake. Binamu yangu, ambaye ni mrefu kama mlingoti, ana 1.86. Tukimtuma yeye kununua pima thelathini na mwenye duka ni mtu mfupi, hapo ni ugomvi.

Kuanzia leo daftari hili ni mita.

Jumapili, 20 Julai

Hesabu ya usiku ule. Nimeirudia mara tatu kwa sababu sikuiamini.

Saa nne na nusu usiku, maji yakiwa chini kabisa, kina kilikuwa kama mita 2.8. Kutoka uso wa maji mpaka pale kamba inapotokea omo ni mita 0.9, na hiyo nayo inahesabika, maana kamba haianzii majini, inaanzia omo. Jumla 3.7. Kamba mita 20 gawanya kwa 3.7: ni mara tano na zaidi. Mabaharia wengi duniani wangeridhika na hiyo kwa upepo wa kawaida. Mjomba aliposema kamba tele alikuwa sahihi.

Alfajiri maji yalikuwa yamepanda mita 3.2. Kina 6.0, ongeza 0.9, ni 6.9. Kamba ileile mita 20: haifiki hata mara tatu.

Hapo ndipo mbao zetu zilipokwenda. Hakuna aliyegusa kamba usiku kucha, lakini kila saa ilivyopita ilikuwa inapungua urefu. Na haikupungua polepole kwa usawa: maji hupanda kidogo saa ya kwanza, hupanda kwa nguvu saa ya tatu na ya nne (karibu nusu ya kimo chote hupatikana katika saa hizo mbili), kisha hupoa. Sisi saa hizo za kati ndizo tulizokuwa tunakoroma.

Kwa nini urefu ni muhimu hivyo? Nanga haishiki kwa uzito. Yetu mtoto anaibeba. Inashika kwa sababu inavutwa kwa ulalo, meno yanajichimbia. Ikivutwa kwenda juu, inang'oka, na ndivyo tunavyoing'oa tukitaka kuondoka: tunaisogelea mpaka kamba isimame wima, kisha tunavuta. Kamba fupi maji yakijaa inafanya kazi hiyohiyo bila kuagizwa.

Nimechora pembe kwenye karatasi. Kamba ikiwa imenyooka, mara mbili ya kimo inainuka nyuzi 30 kutoka sakafu ya bahari. Mara tatu, nyuzi 19 na nusu. Mara tano, 11 na nusu. Mara saba, 8. Mara kumi, chini kidogo ya 6. Faida kubwa iko mwanzoni. Kutoka mara tatu kwenda tano unapunguza nyuzi nane, lakini kutoka saba kwenda kumi unanunua kamba nyingi kwa nyuzi mbili na ushei.

Mjomba aliitazama ile michoro, akauliza kama na samaki wanaipata.

Jumamosi, 9 Agosti

Jaribio la pwani. Bamvua tena, maji yalitoka mbali, na saa nne asubuhi mchanga ulikuwa mbichi na mgumu, kama sakafu ya bahari iliyoachwa wazi kwa ajili yetu.

Tulisimamisha nguzo na kufunga gofia (kapi ya kuvutia tanga) kimo cha mita moja. Kamba inatoka kwenye nanga, inapita gofia, halafu mizani ya ndoana ile ya kupimia samaki, mwisho kundi la watoto waliokuwa wanatafuta chaza. Nanga ya kwanza ni yetu ya nondo, meno manne, kazi ya fundi wa kuchomelea wa hapa kijijini. Ya pili nimeiazima kwa jirani: ina mabawa mawili mapana, kilo kumi.

Nanga ya nondo ilikuwa aibu tupu. Kamba ya mita tatu, tano, saba, haikuvuka kilo 30. Ilichora mistari minne mchangani kama reki na kuja zake. Nayo si mbovu, ila ni ya mwamba. Mwambani inanasa, na ikinasa mno nondo zinanyooka unaivuta, kisha unazikunja tena kwa nyundo. Ndiyo maana wavuvi wanaipenda. Mchangani haina kitu cha kushika.

Ile ya mabawa ndiyo iliyomnyamazisha Mjomba. Kamba ya mita tatu kutoka nanga mpaka gofia: kwenye kilo 35 ikanyanyua shingo na kuruka nje ikirusha mchanga, watoto wakaanguka chali wakicheka. Mita tano: ilifika 60 kabla ya kuanza kutambaa. Mita saba: ilizama. Mabawa yakapotea, kisha shingo ikapotea, mshale ukapita mia, na watoto wakasema wamechoka. Tulihitaji jembe kuitoa.

Mjomba akachuchumaa akatia mkono kwenye lile shimo mpaka kiwiko. Hakusema neno. Halafu akaniuliza, "Hiyo kamba ya saba, kwa maji ya nyumbani, inakuwa mita ngapi?"

Jumamosi, 23 Agosti

Mjini kununua. Uamuzi wa aina ya kamba ulikuwa rahisi. Ile ya plastiki inaelea, na maji yakisimama kabla ya kugeuka inajikusanya juu, inakaa inasubiri pangaboi la mtu. Tumenunua nailoni ya milimita 12, ya nyuzi tatu zilizosokotwa. Inazama, na inavutika: mashua ikipigwa na wimbi kamba inanyumbulika kwanza badala ya kuipiga nanga mshtuko. Wazee walitumia kamba ya makumbi, nayo inanyumbulika vizuri, ila inataka unene wa mkono na inaoza.

Mnyororo wa milimita 8, mita 8. Mita moja ni kama kilo 1.4, kwa hiyo kuna kilo 11 zinazolala chini mbele ya nanga na kuulaza mvuto. Sababu ya pili ni matumbawe. Nailoni ikisuguliwa kwenye jiwe usiku mmoja, asubuhi una mashua isiyo na nanga. Pesa ya mnyororo iliniuma kuliko kamba yenyewe.

Kamba nimechukua bunda zima lililoandikwa mita 100.

Jumapili, 24 Agosti

Bunda la mita 100 lina mita 91. Nimepima mara mbili, mara ya pili mbele ya shahidi. Dukani nilipopiga simu niliambiwa kamba "inajikunja ikikaa". Labda. Basi ijikunje na bei.

Jumapili, 7 Septemba

Usiku wa kupatwa kwa mwezi. Kuanzia saa mbili na nusu mpaka karibu saa nne mwezi ulikuwa mwekundu kama shaba, kijiji kizima kimya, watu wako msikitini kwenye swala. Mimi baada ya swala nilikwenda gatini na futikamba na tochi, kwa sababu bamvua za Septemba na Machi ndizo kubwa kuliko zote katika mwaka, na nikikosa hizi ningengoja nusu mwaka.

Njia yangu: nateremsha futikamba yenye risasi ya mshipi kutoka ukingo wa gati mpaka iguse maji, nasoma. Saa nne na robo usiku maji yalisimama, mita 4.5 chini ya ukingo. Narudia kila bamvua linapokua.

Jumatano, 10 Septemba

Kilele. Jana saa tano na nusu asubuhi maji yalikuwa mita 4.7 chini ya ukingo. Leo alfajiri, mita 0.8 tu. Tofauti ni mita 3.9. Julai, usiku wa fungu, ilikuwa 3.2. Maji mafu (maji madogo kati ya bamvua mbili) ya wiki iliyopita hayakufika hata mita moja na nusu.

Basi sehemu ile ya Tumbatu, ambayo Julai ilikuwa na mita 6.0 maji yakijaa, leo ina 6.35 hivi, maana nusu ya ongezeko huwa juu na nusu huwa chini. Ongeza 0.9 ya omo: 7.25. Mara saba: karibu mita 51, mnyororo ukiwemo. Mara tano: 36. Na sisi tulikuwa tunalala pale kwa 20.

Jumapili, 21 Septemba

Nilidhani kazi imekwisha. Binamu akauliza swali la kijinga ambalo si la kijinga: "Na kule tunakovua?"

Leo tumekwenda na bildi. Ni kipande cha risasi cha kupimia kina, chenye kishimo chini, nimekijaza grisi ili kitulete habari ya sakafu. Mara ya kwanza kilirudi na chembe nyeupe za mchanga, mara ya pili majani ya bahari, mara ya tatu kitupu na mkwaruzo: jiwe. Hapo kwenye jiwe hatutii nanga, tunasogea mpaka grisi ilete mchanga. Si hofu ya kupoteza nanga tu. Jino moja la nondo linavunja tumbawe lililochukua umri wa Mjomba kukua, na tumbawe likifa changu hawakai. Kwenye hifadhi ya kisiwa cha Chumbe wamekataza nanga juu ya matumbawe tangu miaka ya 1990, na mtu akitaka kujua tofauti aende akachungulie majini.

Kina cha mchanga pale ni mita 18. Ongeza 0.9, zidisha mara tatu tu, maana mchana tuko macho na upepo mwanana: mita 57. Kumbe kilichoamua urefu si usiku wa kusi bali mchana wa kuvua! Nimefuta mistari miwili ya daftari.

Kisha kuna lile ambalo hakuna anayependa kulitaja, mashine kuzimika katikati ya mkondo. Mahali tunapokatiza pana mita 35. Mara tatu ni mita 108. Siku hiyo hutafuti usingizi mwema, unatafuta kusimama tu usipelekwe.

Uamuzi tuliofikia tukiwa tunarudi: kipande cha mita 60 kifungwe kwenye mnyororo, kikae omo daima. Jumla 68, inatosha kuvua, na inatosha kulala Tumbatu kwa bamvua yoyote. Mita 31 zinazobaki zikae tezi, nyuma ya mashua, zenye jicho (kitanzi) lililosukwa kila mwisho, za kuungia siku ya mashaka. Jumla ya vyote ni 99. Kwa mita 35 haifiki mara tatu, ila inakaribia. Zile mita tisa za bunda zingekaa hapo hapo.

Alhamisi, 25 Septemba

Kusuka majicho siku nzima. Kila jicho linakula kamba kama nusu mita, mtu aliweke kwenye hesabu yake. Ndani ya jicho la upande wa mnyororo nimetia kikombe cha chuma ili pingu isiile nailoni, na parafujo ya pingu nimeifunga kwa waya isijifungue.

Alama: kila mita kumi nimepitisha kipande cha khanga kati ya nyuzi za kamba, chenye fundo moja, mawili, matatu, mpaka sita. Nilitaka rangi. Mjomba akasema usiku rangi zote ni nyeusi, mkono ndio unaoona. Ameshinda hiyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Usiku wa kwanza. Mahali palepale kaskazini mwa Tumbatu, bamvua, mwezi wa juzi ulikuwa mpevu. Upepo kidogo tu, kusi limeshachoka.

Tulifika maji yakiwa chini. Mjomba alishusha nanga ya mabawa (tumenunua ya kwetu, ya jirani imerudi na changu wawili) taratibu, hakuitupa. Aliacha mashua irudi nyuma kwa upepo, akitoa kamba, akihesabu kwa kidole gumba. Fundo la nne. Mnyororo mita 8, kamba 40, jumla 48. Kwa kina cha alfajiri, mita 6.2 na omo 0.9, ni karibu mara saba. Nikawasha mashine nikarudi nyuma polepole mpaka kamba ikakaza na kudondosha maji. Mashua ikasimama kama imefungwa kwenye mnazi.

Binamu akachagua taa mbili za nchi kavu, moja ya mnara wa simu na nyingine ya msikiti nyuma yake, zikae mstari mmoja. Zikiachana sana, tuamke.

Saa saba usiku mkondo uligeuka na tukaanza kuzunguka. Hapa nilikuwa nimesahau hesabu moja. Kamba ya mita 48 na chombo cha mita 8 ni duara la mita 55 hivi kila upande. Ndani ya duara hilo alikuwa amekuja kulala mvuvi wa Tumbatu mwenye dau na kamba ya mita kumi na tano, na yeye duara lake ni dogo, hakutembea. Sisi tukamjia kimya kimya, tezi mbele. Nilikuwa zamu. Nikamsukuma kwa pondo, naye akaamka.

"Nyie! Hiyo kamba mmeifunga hapa au Ngazija?"

Mjomba akatoa kichwa chini ya turubai, akamsalimia kwa heshima zote, akamuuliza yeye ametoa pima ngapi. Nane. Akamuuliza anajua maji yatakuwa wapi alfajiri. Yule bwana akanyamaza, kisha tukasikia anatoa kamba.

Sisi tukavuta mpaka fundo la tatu: 38, zaidi kidogo ya mara tano. Kwa upepo ule ilitosha, na wote wawili tukapata nafasi. Saa kumi na moja maji yalikuwa juu na taa mbili bado mstari mmoja. Nanga ilipopanda ilikuwa na donge la mchanga wa kijivu kwenye kila bawa.

Yaliyobaki: mita kumi za nailoni ya milimita 12 kufikisha 108, nitanunua kwa kupimiwa mbele ya macho yangu. Kibao cha omo pale kamba inapopita kinataka kuviringishwa ngozi. Nyumbani mbele ya gati hatuwezi kutoa mara saba kabisa, vyombo vimebanana, tutatumia nanga mbili, ya omo kilindini na ya tezi upande wa nchi kavu. Kamba ya buluu Mjomba ameikata vipande vya kufungia mbuzi.